Saa Niliyomchagulia Baba

Dainess, baba hataanzisha tena mashindano ya mitumbwi ya tanga hapa Ziwa Masoko. Na ni kwa sababu yangu.

Unajua anavyofanya miaka yote: kupima zile dakika tano kabla ya mitumbwi kuondoka, anaimba beti nne za wimbo wake wa kanisani, ubeti wa mwisho ukiisha anashusha bendera. Mimi na chuo changu nikamwambia hizo si dakika tano kamili.

Dukani Tukuyu kulikuwa na saa mbili za kuhesabu kurudi nyuma. Moja kubwa, inalia kama king'ora. Nyingine ndogo ya mkononi, nzuri, kimya. Niliona aibu kumwomba muuzaji ailize ile kubwa mbele ya watu. Nikachukua ndogo.

Leo baba kaitazama, kaitazama tena. Haoni namba. Dakika ya sita, bendera bado iko juu. Jairo akapaza sauti kutoka mtumbwini, "Mzee, umesinzia?"

Watu wakacheka, Dainess. Wakacheka.

Mwenyekiti wa mashindano akaichukua bendera. "Pumzika sasa, mzee wetu."

Njiani baba kanirudishia saa. "Umechagua vizuri, mwanangu. Macho yangu ndiyo mabovu."

Sasa hivi yuko jikoni, anauimba ule wimbo peke yake. Nimeupima kwa simu.

Dakika tano kamili.