Namba Moja wa Idara

Bogi, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Unakumbuka zile grafu zangu mbili za idara, ya nani anakula na nani, na ya nani anamwomba nani ushauri? Leo nimeziunganisha kwenye R, ile programu ya takwimu. Majina nilishayafuta kulinda siri za watu, zikabaki namba tu.

Sasa R isipoona majina inaunganisha kwa namba. Kwenye orodha ya chakula namba moja ni Profesa Hajnalka. Kwenye ya ushauri ni Piroska wa mapokezi. Wamekuwa mtu mmoja!

Profesa, anayeijua namba yake, akaona mistari yote ya ushauri inamwendea yeye. Akatoa chupa ya pálinka, ile pombe kali ya matunda, akaanza kulia. "Gergő mwanangu, kumbe mnanitegemea hivi?" Bogi, ANALIA. Nikajibu, "Ndiyo, Profesa."

NDIYO, PROFESA!!

Niko ofisini kwake bado. Anampigia mkuu wa kitivo, na kwa mkono ananiashiria nisitoke, eti niielezee grafu mwenyewe kwenye simu.

Nimezitenganisha grafu kimyakimya kwenye kompyuta chini ya meza. Karibu mistari yote ya ushauri ni ya Piroska. Profesa ana mmoja tu.

Ni wangu.