Chanjo ya Paka Wako

Kirumba, 12 Septemba 1994

Mwanangu Selina,

Hapa nyumbani tu wazima, mimi na paka wako. Bati la jikoni lilivuja, nimeligongelea misumari mwenyewe.

Bwana mifugo alisema paka achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ukasema nisubiri, maana kwa mtu mwingine hashikiki. Ungevuka kuja wakati wa Pasaka. Ikawa Sabasaba, ikawa Nanenane. Sasa ana miezi tisa, na kivuko cha Sengerema huja kila siku. Wiki iliyopita mbwa mwenye kichaa aliuawa hapa Mwaloni. Sikungoja tena. Jumamosi nikampeleka.

"Mama, wa kumshika yuko wapi?"

"Yuko Sengerema."

Bwana mifugo akacheka. Mimi sikucheka. Nikamfunika paka kwa tenga la dagaa, nikalikalia, akadungwa kupitia tundu. Alinirarua mkono wa kulia, nikaufunga kwa wa kushoto.

Kwenye kadi, mwenye paka nimeandika wewe. Marudio ni Jumatatu, 11 Septemba mwakani, siku mia tatu sitini na nne kutoka leo. Paka anakua, Selina. Mwakani tenga halitamtosha.

Ni mimi mama yako,
Teodora