Pipa la Mbolea Siku ya Koito

Merigi, Jumamosi

Hata kuniuliza hakuniuliza. Nimekuta pipa langu limeoshwa, limejaa maji ya wageni. Mbolea yote, kinyesi cha ng'ombe na majani niliyoloweka nikikoroga kila asubuhi, mama mkwe ameimwaga mtaroni. Na miche yangu ya kabichi ilikuwa inaingoja!

"Inanuka," akasema. "Watu wanakuja kumposa Chebet, waseme sisi ni wachafu?"

Nikaenda kuchuma sukuma wiki. Utagombana vipi na mama mkwe siku ya koito, binti yake anapoposwa?

Wageni wakamaliza sukuma wiki yangu yote. Mzee mmoja akauliza, "Mboga tamu hivi, mnaweka mbolea gani?"

Mama akatabasamu. "Hakuna, mzee. Ni mvua tu ya Mungu."

Haya. Kesho hiyo mvua iingie zizini ichote kinyesi.