Muhuri wa Wimbo wa Tatu

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la mshonaji.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi za huko. Sisi wazima. Baba anakohoa kidogo, lakini bado anabishana na redio, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye.

Albamu yetu imetoka! Ya kwanza, nyimbo tisa, bila kampuni wala meneja. Mshonaji wa hapa chini anaimba, fundi baiskeli anapiga ngoma, mimi kinanda. Watu wakiuliza ni muziki gani tunawaambia wasikilize wenyewe: wimbo unaanza kama kwaya, unageuka dansi, kisha fundi anaghani mbio mbio juu ya mlio wa cherehani. Mama alizisikiliza zote, akasema, "Hili ni shuka la viraka, lakini linafunika."

Sasa nikueleze lililoninyima usingizi. Studio hatukuipata. Ofisini kwetu kuna chumba cha majalada, yamepangwa hadi darini, na karatasi zile humeza mwangwi wote. Ufunguo hukaa kwangu. Tulirekodi humo Jumamosi nne, bila ruhusa ya mtu. Kwenye wimbo wa tatu fundi aligeuza hata muhuri wa ofisi kuwa ngoma.

Hakuna aliyejua, Shangazi. Lakini niliogopa mno kugunduliwa, hata nikaandika barua ya maelezo, nakala tatu, nikaitia mwenyewe kwenye faili la karani mkuu. Wewe ndiye uliyeniita Kunguru, kwa vile kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Safari hii nusura niung'oe kwa mkono wangu.

Jumatano karani mkuu akaniita. Simu yake ilikuwa mezani, wimbo wa tatu unalia.

"Muhuri huo ni wangu?"

"Ndiyo, mzee. Naomba unisa—"

"Nyamaza kwanza, nasikiliza."

Akasikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Nikampa. Nikajua kazi imekwisha. Akautia mfukoni, akachukua muhuri, akaipiga barua yangu, nakala zote tatu, taratibu.

"Mpiga ngoma wenu ana haraka. Huu naupiga mwaka wa ishirini na sita. Wino, pumzi, ndipo karatasi. Jumamosi nitafungua mimi, nimwonyeshe. Na ukijishtaki tena kwa maandishi, nitakufukuza kwa kumaliza karatasi za ofisi."

Jana tulimkuta mlangoni, ametutangulia sote. Alikuwa amevaa tai.

Albamu naiambatanisha na barua hii. Ukifika wa tatu, ujue fundi ameshasahihishwa.

Wasalimie sana mjomba na wale mapacha wako; Baba na Mama wanakusalimu. Mola akuweke salama ugenini, na goti lako likuvumilie mpaka tuonane.

Mimi nikupendaye,
Kunguru, ambaye ubawa wake bado upo