Shemeji Kwenye Kiti cha Edward

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimerudi kutoka kazini miguu kama si yangu. Rogers kaota jino la pili – kalijaribia begani kwangu. Anitha kanipa karatasi ya shule. Tarehe 14 wana mdahalo wa historia: Mfalme Edward wa Uingereza amekufa, mwaka 1066, hana mtoto. Nani akalie kiti? Anitha kapewa kuwa mmoja wa wanaogombea, anaitwa Harold. Dakika mbili mbele ya darasa. Wazazi wanakaribishwa.

Chini mwalimu kaandika kwa mkono. Tangu shule ifunguliwe Agosti Anitha hajafungua mdomo darasani. Asiposema siku hiyo, atarudishwa kwa wanaoanza Kiingereza. Anitha! Huyu anayenijibu Kiingereza hata nikimuuliza chumvi iko wapi!

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemuuliza, huyo Harold ni nani kwa marehemu? Kumbe kaka wa mjane. Shemeji! Nikacheka mpaka Rogers akaamka.

Kosa langu ni kumsimulia Cosmas. Mume wangu hafichi kitu. Kampigia kaka yake mkubwa Telesphory, yuko Louisville, jimbo jingine huku huku ughaibuni. Telesphory kampigia dada yao Anjelina, Buffalo. Sijamaliza kumenya ndizi, simu ya video, wote watatu. Kikao cha ukoo! Kwa msiba wa Mwingereza aliyeoza miaka elfu!

Shangazi Anjelina kauliza kama marehemu kweli hakuzaa. Hakuzaa. Na hakuongeza mke? Nikamwambia alikuwa mcha Mungu sana. "Ndiyo aache nyumba bila mrithi?"

Telesphory alikuwa anaandika muhtasari. Kwetu Kagera, kasema, kibanja, shamba la migomba la mababu, hakitoki nje ya ukoo. "Shemeji anakuja msibani, anakula, anarudi kwao. Hakalii kiti!"

Jumatano, 8 Oktoba

Nimesoma kitabu cha Anitha wakati wa mapumziko, ghalani, nimekaa juu ya maboksi. Maskini Harold. Edward anasali, Harold anapigana vita, anasuluhisha watu, anabeba nchi. Mwishoni mfalme yuko kitandani, anamkabidhi kiti. Sasa kuna William, ng'ambo, ndugu wa Edward upande wa mama. Anadai Edward alimwahidi yeye zamani. Tena Harold aliapa kumuunga mkono, kiganja juu ya mifupa ya watakatifu!

Jioni nikawasimulia kwenye simu. Shangazi kusikia mifupa, kafanya ishara ya msalaba mpaka simu ikamponyoka. Tukabaki tunaangalia dari yake. Sauti ikatoka darini: huyo Harold lazima afe.

Anakufa kweli. Sikumwambia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ukoo umetoa hukumu. Kiti ni cha Edgar, mjukuu wa kaka yake Edward. Damu ya baba. Alizaliwa ugenini, akaletwa Uingereza akiwa mdogo. "Kama hawa wetu," kasema Shangazi, akafuta macho. Basi Anitha asimame mbele ya darasa, amwachie Edgar kiti kwa hiari yake.

Nikasema hapana. Mtoto kapewa Harold, atasema Harold. Telesphory, kwa upole wa padri: "Shemeji, hili ni la ukoo."

Shemeji! Miaka kumi na tatu nafua, napika, nazaa, naamka na Rogers wao. Kwenye kuamka hawaniiti shemeji. Mimi na Harold sasa ni kitu kimoja.

Jumapili, 12 Oktoba

Telesphory kafika kwetu Whitehall mwenyewe. Zaidi ya saa tatu barabarani. Kaja na senene waliogandishwa, kanzu iliyopigwa pasi, na muhtasari, kurasa nne.

Taji tumekata kwenye boksi la pampasi. Rogers kala ncha moja.

Anitha kajifungia bafuni, ati mazoezi. Nikasikiliza mlangoni. Maji tu yanatiririka. Nikaingia, nikafunga bomba, nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Nikamsuka. Tulipofika mstari wa tatu kauliza – Kiswahili! – kama baba mkubwa naye atakuja.

Nikaenda sebuleni. Nikapiga magoti kama inavyotakiwa, nikasema kama nilivyotaka: Jumanne utakaa, utapiga makofi, utanyamaza. Kaahidi, mdomo umejaa senene.

Jumanne, 14 Oktoba – hapa hapa darasani

Naandika nyuma ya ratiba, Rogers anatafuna viatu vyangu. Anitha kasimama mbele, taji upande. Dakika nzima, kimya. Mwalimu kaangalia saa.

Telesphory kanyanyuka! Kanzu, koti, mkono juu. Kwa Kiingereza chake cha seminari: kwa niaba ya ukoo... Nikamvuta koti. Koti likabaki na mimi, yeye huyoo, mbele. Kaenda kumshika bega Edgar wa darasani, katoto kenye waya za meno. Kametoa macho!

Ndipo Anitha. Kiingereza, sauti ambayo sijawahi kuisikia. Kamuuliza baba yake mkubwa, mfalme alipokuwa anakata roho, wewe ulikuwa wapi?

Telesphory, mtu mkweli: "Louisville."

Darasa zima hoi. Anitha hakucheka. Mimi nilikuwa kitandani pake, kasema. Kazi nimefanya mimi, nchi nimeshikishwa mimi. Halafu kwa Kiswahili: "Baba mkubwa, kaa chini."

Karudi kando yangu, kakaa! Mbele za watu! Mtoto kumwamuru baba mkubwa! Nitamkanya nyumbani. Nitamkanya kidogo.

William kasimama ajibu. Anitha anamkatiza. William anaanza tena, anamkatiza tena. Telesphory katoa kalamu, ananinong'oneza, shemeji, unasikia huyo? Huyo ni wetu.

Mwalimu anasema dakika mbili zimekwisha, Harold akae.

Hakai.

Mwalimu anarudia. Hakai! Sasa mwalimu kainama mezani, anaandika kitu. Sioni anaandika nini, huyu baba aliyekaa mbele yangu kanikinga. Anitha bado anasema –