Viazi vya Bibi wa Mlimani

Dada Agnesi,

Salamu toka Mbeya, ambako ukungu umekaa mlimani kama mpangaji asiyehama.

Leo tulipanda kwa bibi mmoja mwenye ugonjwa kama wa mama, tukamtoa damu. Daktari wetu wa utafiti anatafuta humo protini zinazoganda kwenye ubongo na kula kumbukumbu. Tulipoaga, bibi akasema, "Wageni hawaondoki kwangu na njaa," akatupa viazi na maziwa ya mgando. Tukamaliza. Akatushangaa: "Jamani, mbona hamjala?" Akapakua tena. Mkamwana wake akaninong'oneza, "Kuleni tu, kaka, mkikataa atalia." Tukala, akapakua, tukala, mpaka barafu ya kutunzia damu ikayeyuka na damu yenyewe ikaharibika.

Njiani nilimwuliza daktari dawa itapatikana lini. Akasema labda wajukuu zetu wataiona. Dada, mimi nilidhani namtafutia mama.

Pole kwa kumwogesha mama peke yako hapo nyumbani Ipogolo. Nisalimie mama. Akiuliza nani anamsalimu, usihangaike kunitaja. Mwambie ni mgeni mmoja aliyewahi kula kwake akashiba.

Mdogo wako,
Tito