Jina Lako Kwenye Magofu

Yeoville, Johannesburg
Julai 2017

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na sasa unashuka ngazi bila kumsumbua mtu. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inayonitafuna. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu unaipokea kwa spika, mtaa mzima unasikia. Barua hii isome peke yako.

Ni habari ya Hamza, huyo kijana wa Tanga uliyenisifia mpaka nikakubali kuonana naye. Jumapili alinichukua kwa gari lake la kubebea watalii, twende tukaone magofu ya kale katika milima ya Mpumalanga. Peke yangu sikukubali. Nilikwenda na jirani yangu Mama Furaha, Mkongo, msusi, mtu asiyepitwa na kitu.

Hamza alisema hajawahi kufika huko. Lakini lami ilipoisha, njia zikaanza kugawanyika bila kibao hata kimoja, naye hakusita wala kuuliza. Mama Furaha akaninong'oneza, "Dada, uyu bwana alishaka kuya huku." Nami nilikuwa nimeshaona kwamba si mara yake ya kwanza kuja.

Magofu yenyewe ni mazuri, mpaka yanatisha. Kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, duara ndani ya duara, mlima mzima. Walizijenga watu waliolima na kufuga ng'ombe humo zamani. Sasa hakuna paa, hakuna mtu, ni upepo tu. Nilipiga hodi kabla ya kuingia, Hamza akacheka. Halafu akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Hivi mama yako anaitwa nani hasa?"

Machale yakanicheza. Mwanamume anayetaka jina la mama wa mwanamke anataka kumpigia falaki, au jambo baya zaidi. Nikamtajia jina la shangazi, Mwajuma. Akaitikia vizuri tu.

Tulipokaa kula akasema anakwenda kupiga picha. Simu yake aliiacha mkekani. Nikamfuata nyuma ya ukuta, na harufu ya ubani ikanifikia kabla sijamwona. Alikuwa amechuchumaa, ubani unafuka kwenye kifuniko cha kopo, ananyunyiza marashi juu ya mawe kama wafanyavyo watu kwenye magofu ya kwetu wanapoweka nadhiri. Akasema polepole, "Mwanaidi binti Zuhura. Moyo wake uwe kwangu."

Zuhura, Mama. Huku hakuna anayelijua jina hilo. Hata Mama Furaha anakujua kwa Mama Mwanaidi tu. Basi Hamza aliponiuliza alikuwa anahakikisha tu, akajua nimemdanganya, akaitikia hivyo hivyo.

Nimeudhika, na nimeogopa. Najua unataka niolewe, kila mara unanikumbusha umri wangu. Lakini jina lako kapewa na nani? Kama ni wewe, na kama kuna mganga mliyekwenda kwake, rudi kwake akayafungue aliyoyafunga.

Nisalimie shangazi Mwajuma, kaka Bakari na mkewe, na yule bibi wa jirani anayekuletea maziwa.

Alhamisi Hamza anakuja kuchukua jibu la posa yake. Mama, kabla ya safari ile nilikuwa nimeshaamua kumkubali. Hata kanga ya siku hiyo nilishanunua Fordsburg. Sasa sijui kama uamuzi ule ulikuwa wangu.

Mwanao,
Mwanaidi